Ufunguo wa Sekunde Kumi

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyotangazwa redioni.



Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa adha yake, lakini ni wachache wanaolijua kwa undani. Jambo lenyewe ni picha ya televisheni inayoganda. Unatazama mpira. Mshambuliaji ameingia eneo la hatari, amemwacha beki, mguu umeinuka, na papo hapo picha inasimama. Mpira uko hewani, kipa kanyoosha mikono, mtangazaji kanyamaza kimya. Picha inaporudi, timu moja inashangilia, nawe hujui nani kafunga wala kafungaje.

Jumapili moja nilikuwa Gwata, Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, nimekwenda kumwangalia dada yangu. Mwanawe, yaani mpwa wangu, ana kibanda cha kuonyeshea mpira, vile ambavyo vijana wamevibatiza jina la kibanda umiza. Kuta ni za mabanzi, paa ni la bati, mabenchi ni ya mbao zilizobaki, na mbele imewekwa televisheni moja kubwa. Kiingilio ni shilingi mia tano, na mechi ikiwa kubwa ni shilingi elfu moja. Televisheni hiyo ilinunuliwa kwa mkopo ambao dada yangu aliuchukua kwenye kikundi chake cha VICOBA, na marejesho ni kila Jumatatu. Kumbukeni jambo hilo, ndugu wasikilizaji, tutalirudia.

Siku hiyo Arsenal walikuwa wanacheza na Manchester United. Watu walijaa hata wengine wakakaa chini. Walikuwamo waliotoka upande wa Kisarawe, watatu watatu juu ya bodaboda. Dakika ya kumi picha ikaganda, watu wakaguna. Ikarudi. Dakika ya kumi na mbili ikaganda tena, watu wakapiga miluzi. Dakika ya ishirini ikaganda na haikurudi. Mpwa wangu akachomoa waya, akachomeka, akapanda juu ya bati kulitikisa dishi, akashuka. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, mimi nimelipa niuone mpira. Sikulipa niione picha ya ukutani."

Hapo zikaanza kelele za rudisha hela. Mpwa wangu akarudisha. Alirudishia waliolipa, na kwa kuwa hakuwa na tiketi, alirudishia pia wengine ambao hawakulipa. Kopo la fedha likawa tupu, na bado walikuwapo waliodai. Watu walipotawanyika, akanifuata nilipokuwa nimekaa na mama yake, akasema, "Mjomba, dishi ni zima, umeme upo, bando nimeweka jana. Kosa langu ni nini?"

Nilikaa kimya. Nilikaa kimya kwa sababu mtu aliyempeleka kwa fundi yule wa Kariakoo nilikuwa mimi.

Ndugu wasikilizaji, niwaeleze basi nilichompeleka kununua. Mpwa wangu alikwisha kupiga hesabu ya kulipia kifurushi chenye ligi ya Uingereza akaona hakimudu. Mimi nikasikia mjini kwamba yuko fundi anayetoa njia ya mkato. Unanunua risiva ndogo, unaiunganisha na simu yako ipate intaneti, kisha fundi anakupa jina na namba ya siri. Kwa shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi unaona chaneli zote. Nilipomuuliza fundi kama jambo hilo ni halali, alicheka akasema, "Mzee, kadi imelipiwa. Tunagawana tu." Nami nikaridhika na jibu hilo, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Sasa tujiulize, wanagawana nini?

Tulipokuwa watoto tulikuwa na mchezo wa kusema kinyume. Maji tuliyaita jima, kula tukasema laku. Mkubwa akipita anasikia sauti zetu lakini haambulii kitu. Huko kugeuza maneno yawe fumbo ndiko wataalamu wanakoita kusimba. Kampuni ya televisheni ya kulipia hufanya hivyo hivyo na picha. Setilaiti iko juu ya Ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, na mawimbi yake humwagika juu ya kila paa, la aliyelipa na la asiyelipa. Haiwezekani kuyazuia yasifike Gwata yakafika Mlandizi peke yake. Kwa hiyo kinachozuiwa ni maana. Picha hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zikavurugwa kwa kanuni maalumu, na asiye na ufunguo huona giza.

Udhaifu wa kinyume chetu ulikuwa mmoja. Mkubwa akishaijua kanuni leo, anatuelewa leo, kesho na siku zote. Watu wa televisheni waliliona hilo. Mwaka 1994 mashirika ya Ulaya yalikubaliana juu ya kanuni moja ya kuvuruga picha za televisheni ya tarakimu, ambayo baadaye ilisambaa duniani. Katika kanuni hiyo ufunguo haudumu. Hubadilika kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida sekunde kumi hivi. Na funguo zenyewe si chache. Hesabu yake ni kiasi cha trilioni 281. Ukijaribu funguo milioni moja kila sekunde, bila kulala wala kula, utahitaji karibu miaka tisa kuzimaliza. Lakini ufunguo unaoutafuta umeshakufa zamani, tangu sekunde ya kumi.

Sipendi mdhani kwamba kanuni hiyo haina mwisho wake. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba, kwa kompyuta yenye nguvu na majedwali makubwa yaliyotayarishwa mapema, ufunguo unaweza kupatikana kwa sekunde chache. Ndiyo maana kanuni mpya zenye funguo ndefu zaidi zimetungwa. Lakini fundi wetu wa Kariakoo hana habari na majedwali hayo. Yeye anapitia mlango mwingine.

Mlango wenyewe ni huu. Ule ufunguo wa sekunde kumi husafiri pamoja na picha, ukiwa umefungiwa ndani ya fumbo jingine. Kazi ya kadi iliyomo katika king'amuzi chako ni kulifungua fumbo hilo la pili, kuutoa ufunguo na kuukabidhi kwa king'amuzi. Kadi hutazama kwanza kama umelipa. Ukiwa umelipa, inautoa. Ukiwa hujalipa, inanyamaza. Sasa sikilizeni jambo muhimu. Kadi yangu na kadi yako ni tofauti, lakini ufunguo wa chaneli moja kwa sekunde hizi kumi ni ule ule kwa watazamaji wote. Hauwezi kuwa tofauti, kwa sababu picha inayoshuka kutoka angani ni moja.

Basi mlanguzi huchukua kadi moja iliyolipiwa, akaichomeka katika kompyuta, na kila kadi inapotoa ufunguo yeye anautuma kwa njia ya intaneti kwa wateja wake. Wateja wana madishi, wana picha iliyovurugwa, kilichokosekana ni ufunguo tu. Kadi moja, walipaji ishirini, hamsini au mia. Hiyo ndiyo biashara ambayo fundi aliniambia ni kugawana.

Na hapa ndipo tunapopata jibu la swali la mpwa wangu. Ufunguo wa kesho hauuzwi leo. Kila sekunde kumi risiva ya Gwata lazima iombe upya. Ombi linatoka kwenye simu, linakwenda mnara, linakwenda Dar es Salaam, pengine linavuka bahari hadi nchi nyingine iliko kompyuta ya mlanguzi. Huko linapanga foleni mbele ya kadi. Kadi ni kitu kidogo chenye akili ndogo, hufungua fumbo moja baada ya jingine. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kila fumbo linachukua nusu sekunde. Watazamaji wakiwa kwenye chaneli kumi tofauti, zamu nzima inamalizika kwa sekunde tano, na wote wanaona vizuri. Wakiwa kwenye chaneli thelathini, zamu inachukua sekunde kumi na tano. Lakini ufunguo unaishi sekunde kumi! Waliopanga foleni mwishoni wanapokea ufunguo ambao kufuli lake limekwisha kubadilishwa. Picha inaganda.

Ongezeni hapo mtandao wa simu wa Jumapili jioni, wakati kila mtu yuko kwenye simu akitafuta matokeo ya mechi. Ongezeni tamaa ya mlanguzi, ambaye akiona wateja hamsini wanalipa, anaingiza mia, na akiona mia wanalipa, anaingiza mia mbili. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo la huyu ni sekunde, na maji anatia humo humo. Ndiyo maana picha huwa safi Jumanne saa nne asubuhi, wakati hakuna anayetazama, ikaganda Jumapili jioni, wakati kibanda kimejaa.

Lakini siku ile haikuwa foleni peke yake. Picha ilikatika moja kwa moja, na haikurudi wiki nzima. Fundi alipopigiwa simu alisema, "Kampuni wamebadilisha funguo, subirini." Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Maneno yake yaliweza kuwa kweli, kwa maana kampuni nazo hazikulala. Zinazo silaha kadhaa. Ya kwanza ni kubadilisha siri zilizomo ndani ya kadi, jambo linalofanywa kwa amri inayoshuka kutoka setilaiti. Ya pili ni kuondoa kadi za zamani na kutoa za aina mpya. Ya tatu, na ndiyo kali, ni kuiozesha kadi kwa king'amuzi chake. Katika ndoa hiyo kadi haitoi tena ufunguo waziwazi. Inautoa ukiwa umefungwa, na anayeweza kuufungua ni king'amuzi kile kimoja tu. Mlanguzi akiunasa njiani anakuwa ameiba sanduku lisilo na ufunguo. Siku ndoa hiyo inapofungwa, wateja wote wa mlanguzi wanaingia gizani kwa saa moja, na hakuna ofisi wanayoweza kwenda kulalamika. Utakwenda polisi ukaseme nini? Kwamba umeibiwa ulichokuwa unaiba?

Yako pia mafumbo ya aina nyepesi. Matangazo yanayosafirishwa baina ya vituo vya televisheni kwa setilaiti, hasa ya michezo, kwa miaka mingi yamefungwa kwa utaratibu uliobuniwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya, unaoitwa BISS. Katika utaratibu wa awali ufunguo ulikuwa ni tarakimu na herufi kumi na mbili tu, na ulibaki ule ule tangu mwanzo wa matangazo hadi mwisho. Vijana wetu wengi wenye madishi wanaufahamu vizuri, maana ufunguo ukivuja mahali pamoja, kwa dakika chache umefika Mbagala, Mombasa na Bujumbura. Huo ulikuwa ni kinyume chetu cha utotoni. Ndiyo sababu mwaka 2018 ukatolewa utaratibu mpya wenye funguo ndefu zaidi na unaoweza kuzibadilisha matangazo yakiendelea.

Ndugu wasikilizaji, kufikia hapa mtu anaweza kusema, naam, umetueleza mitambo, lakini kosa liko wapi? Kampuni hizi ni tajiri. Bei zao ni za watu wa Masaki na Oysterbay, wala si za mkulima wa mihogo wa Gwata. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Je, masikini akichungulia dirishani, tajiri anapungukiwa nini?

Hoja hii si ya kupuuza, na sitaki kuipuuza. Tukumbuke tulikotoka. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, na kwa antena ya waya tu uliweza kutazama bila kulipa kitu. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ikazimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata, na mwananchi akaambiwa anunue king'amuzi. Akanunua. Mwaka 2018 baadhi ya ving'amuzi vya setilaiti vikaondolewa chaneli za nyumbani zilizotakiwa kutazamwa bure, kwa kuwa leseni za kampuni zake hazikuruhusu kuzibeba. Mwananchi akaambiwa anunue king'amuzi cha pili. Na hata aliyelipa kihalali amewahi kuumia. Kampuni iliyoitwa GTV iliingia Afrika mwaka 2007, Afrika Mashariki ikiwamo, ikapata haki za sehemu kubwa ya ligi ya Uingereza, watu wakanunua madishi na kulipia. Januari 2009 ikafilisika, skrini zikawa nyeusi kwa siku moja, na watu wakabaki na madishi ya kuanikia samaki.

Kwa hiyo mtu wa kawaida akisema haamini, ana sababu ya kutoamini. Lakini kutoamini ni jambo moja, na kula jasho la mwenzio ni jambo jingine. Na jasho lenyewe ni la nani?

Hapa nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni wa Uingereza. Mwaka 1998 ilianzishwa huko televisheni ya kulipia ambayo baadaye iliitwa ITV Digital. Msiichanganye na ITV yetu ya Mikocheni. Kampuni hiyo ilikubali kuzilipa klabu za madaraja ya chini pauni milioni 315 kwa miaka mitatu. Mwaka 2002 ikaanguka. Sababu zilikuwa nyingi. Iliahidi fedha nyingi mno, na wateja walikuwa haba. Lakini moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba kadi zake za bandia zilikuwa zimeenea mitaani. Ilipoanguka ilikuwa bado inadaiwa na klabu zaidi ya pauni milioni 178. Matajiri wa mpira hawakuguswa. Walioumia ni klabu ndogo, ambazo baadhi zilishindwa kulipa mishahara na zikawekwa chini ya usimamizi wa mufilisi.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini mkataba wa miaka kumi na Azam Media wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Sehemu ya fedha hizo inakwenda kwa klabu zote, na si Simba na Yanga peke yao. Klabu ya mkoani ambayo mlangoni inakusanya fedha kidogo inasafiri na kula kwa fedha za televisheni. Hizo fedha hazianguki kutoka mbinguni. Zinatoka kwa mtu aliyelipia kifurushi. Tukiwa sote tunachungulia dirishani, nani atamlipa mchezaji? Na huyu mchezaji ni mtoto wa nani kama si mtoto wa Gwata, wa Kigoma au wa Lindi?

Halafu iko sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda matangazo kama inavyolinda kitabu na muziki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kutumia kompyuta kuvunja haki hizo. Mlanguzi anayegawa funguo yumo ndani ya nyavu hizo, na anayeonyesha kwa kiingilio hayuko mbali naye. Hata mwenye kifurushi cha nyumbani, akikileta kibandani akatoza watu, anavunja masharti aliyoyakubali aliponunua. Wenye vibanda wengi hawalijui hilo, na hakuna anayewaeleza.

Lakini sheria ina upande wa pili, na haki ni kuutazama nao. Mjini Portsmouth, Uingereza, mwenye baa mmoja aliona bei ya kuonyesha mpira ni kubwa kupita kiasi. Akanunua kadi ya Ugiriki, akailipia, akaonyesha mechi. Akashtakiwa, akatozwa faini. Hakukata tamaa. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, na tarehe 4 Oktoba 2011 mahakama ikaamua kwamba kumzuia mtu asinunue kadi halali ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha soko huru. Mwaka uliofuata hukumu yake ikafutwa. Tofauti yake na sisi ni moja tu. Yeye kadi aliilipia. Hakuiba, aliuliza kwa nini bidhaa ile ile iwe na bei mbili baina ya majirani.

Swali hilo linatuhusu. Tunayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Ikiwa mahindi, saruji na mafundi vinavuka mpaka, kwa nini mtu wa Namanga asinunue kwa haki kifurushi cha ng'ambo ya barabara kama ni nafuu zaidi? Wabunge wetu wa Arusha wanaweza kulitazama jambo hilo.

Ndugu wasikilizaji, muda unakwenda, nami sipendi kuwaacha na lawama bila ushauri.

Kwa kampuni nasema hivi. Silaha ya kubadilisha funguo ni halali yenu, na mnayo haki ya kuitumia. Lakini kufuli peke yake halimleti mteja. Wengine kati yenu wamekwisha kuanza kuuza vifurushi vya siku na vya wiki, na hiyo ndiyo njia. Mkulima hana mshahara wa mwezi, ana fedha za msimu na za gulio. Tafuteni bei ya kibanda cha kijijini, inayolipwa kwa mechi, ambayo mwenye mabenchi hamsini anaweza kuimudu. Kibanda kimoja kinachowalipa kidogo kina faida kuliko vibanda mia visivyowalipa kitu.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kwa maofisa wa hakimiliki nasema, msianze na mwenye kibanda. Anzeni na mwenye kompyuta. Na kabla ya kunyang'anya televisheni ya mtu aliyekopa, nendeni mkamweleze kilicho halali na kisicho halali, kwa Kiswahili chepesi, katika mkutano wa kijiji.

Na kwetu sisi wazazi, wajomba na shangazi wa mjini nasema, tuache kuwapelekea ndugu zetu wa shamba njia za mkato kama zawadi. Sisi tunazijua hatari zake kidogo, wao hawazijui kabisa. Likiharibika, sisi tunapanda basi tunarudi Dar es Salaam, wao wanabaki na deni.

Niliwaambia tutarudia habari ya VICOBA. Jumatatu ile dada yangu alikwenda kikundini mikono mitupu. Wenzake walimsitiri wiki moja, wakamtoza faini kama utaratibu wao unavyotaka, na aibu akaimeza. Hakunilaumu, na kutolaumiwa huko kulinichoma kuliko kulaumiwa. Nilipofika mjini nilituma marejesho ya wiki hiyo, pamoja na faini. Lilikuwa deni langu.

Mpwa wangu naye hakufunga kibanda. Aliwaita wenye vibanda wenzake wawili, wakapiga hesabu mbele ya wazee. Kila mmoja peke yake alikuwa hawezi kulipia kifurushi cha biashara. Watatu wakichanga waliweza, kwa sharti kwamba vibanda vitatu viwe kibanda kimoja, king'amuzi kimoja na televisheni moja, maana wakigawana kadi watakuwa wamerudi kule kule walikotoka. Ilikuwa vigumu, kwani kila mmoja alitaka kiwe kwake. Hatimaye wakachagua kiwanja kilicho karibu na barabara.

Juzi alinipigia simu baada ya mechi. Nikamuuliza, "Vipi, iliganda?" Akasema, "Mara moja, mjomba. Umeme ulikatika." Nikamuuliza watu walifanya nini. Akasema, "Walingoja. Yule mzee wa benchi la mbele ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia gizani wote tuko sawa, hata waliolipa."

Ndugu wasikilizaji, hadi wiki ijayo, kwaherini.